Milimita Mbili: Mishipa ya Damu, Saratani ya Matiti na Umbali wa Mbinga

Mwaka 1971 wanafunzi wangu huukumbuka kwa mambo mawili: Mwongozo wa TANU, uliotolewa Februari, na sherehe za miaka kumi ya Uhuru, zilizofanyika Desemba. Katikati ya matukio hayo, tarehe 18 Novemba, jarida la New England Journal of Medicine lilichapa makala fupi ya daktari wa upasuaji wa watoto wa jijini Boston, Judah Folkman. Hapa kwetu hakuna aliyeitangaza, na hata huko Marekani wengi waliisoma wakatikisa kichwa.

Wazo la makala hiyo lilikuwa hili: uvimbe wa saratani hauwezi kukua kupita ukubwa wa milimita moja au mbili mpaka uwe umejipatia mishipa yake yenyewe ya damu. Kabla ya hapo upo, ila umekwama. Seli zake huzaliana na kufa kwa kasi ile ile, na mwenye mwili hajui lolote. Ukiweza kuizuia mishipa isiote, alidai Folkman, unaweza kuuacha uvimbe umesinzia maisha yote.

Naliandika suala hili katika ukurasa uliozoea kujadili katiba, ardhi na bajeti kwa sababu naamini historia ya wazo hilo ina la kutuambia kuhusu bajeti. Tukilisoma tukiwa tumesimama Mbinga mjini, au kule chini Liuli na Lituhi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, maneno mawili ambayo madaktari huyatumia kana kwamba yana maana moja kila mahali, yaani “hatua ya mwanzo”, yanaanza kuleta taabu. Mwanzo huo umeonwa na nani, na kwa kifaa gani?

Folkman hakuanza na saratani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa akitumikia jeshi la majini la Marekani katika maabara ya Bethesda, Maryland. Yeye na mwenzake Frederick Becker walipewa kazi ya kutafuta kitu kinachoweza kushika nafasi ya damu katika meli zinazokaa baharini muda mrefu. Walichukua tezi za thiroidi za sungura, wakaziweka hai nje ya mwili kwa kupitisha ndani yake maji yenye himoglobini. Ili kupima kama tezi hizo zinaweza kulisha seli zinazokua, walipandikiza humo seli za saratani ya panya. Seli zikaota, zikafika ukubwa wa milimita moja hivi, kisha zikasimama zote. Hazikuwa zimekufa, kwa maana ziliporudishwa katika mwili wa panya zilikua kwa kasi ya kutisha. Tofauti ilikuwa moja tu: katika tezi iliyotengwa mishipa mipya haikuota, na katika panya iliota.

Kwa miaka mingi wenzake walilipokea wazo hilo kwa dharau. Mishipa inayoonekana kuuzunguka uvimbe, walisema, ni matokeo tu ya mwili kukasirishwa na seli zinazooza. Sayansi nayo ina wazee wake wa baraza, na si kila kijana anayesimama kusema hupewa nafasi.

Leo utaratibu wenyewe unajulikana kwa undani. Oksijeni hupenya kutoka kwenye mshipa mwembamba kabisa hadi umbali wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita, basi. Seli iliyo mbali zaidi ya hapo hukosa hewa. Kukosa hewa huwasha ndani yake protini iitwayo HIF, na waliotueleza jinsi seli inavyohisi upungufu huo, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. HIF huamuru kutengenezwa kwa protini nyingine, VEGF, ambayo Harold Dvorak wa Boston aliieleza mwaka 1983 kuwa kitu kinachoifanya mishipa ivuje, na ambayo Napoleone Ferrara wa kampuni ya Genentech kule California aliitenga na kuipa jina lake la sasa mwaka 1989. VEGF husambaa hadi kwenye mshipa wa jirani, nao mshipa huchipua tawi kuelekea kwenye njaa. Matawi hayo si mazuri. Yamepindapinda, yanavuja, mengine hayafiki popote. Hata hivyo yanatosha kuleta chakula, na yanafungua mlango wa kutokea, kwani seli ya saratani ikishaingia katika damu inaweza kufika mfupani, mapafuni au kwenye ini.

Katika titi jambo hili lina sura yake ya pekee. Saratani nyingi za matiti huanzia ndani ya mirija ya maziwa. Kwa muda, na mara nyingine kwa miaka, seli zilizoharibika hukaa ndani ya mrija zikiwa zimezungukwa na utando ambao bado hazijautoboa, na ndani ya mrija hamna mshipa wa damu hata mmoja. Watafiti waliovitazama vipande vya namna hiyo kwa hadubini katika miaka ya 1990 waliona kwamba kwa baadhi ya wanawake mishipa midogo ilikuwa tayari imejipanga nje ya mrija, kuuzunguka, mithili ya shanga shingoni. Ugonjwa haujatoka nje ya ukuta, na tayari damu imeitwa. Hata kabla ya hapo, mwaka 1978, Steven Brem, Pietro Gullino na mwenzao walikuwa wameonyesha kwamba vipande vya titi ambavyo bado si saratani, ila vimeanza kubadilika, viliweza mara nyingine kuchipusha mishipa vikipandikizwa kwenye jicho la sungura.

Kisha akaja mpatholojia Noel Weidner, akishirikiana na Folkman. Mwaka 1991 walichapa utafiti wa wagonjwa 49 wa saratani ya matiti. Walivipaka vipande vya uvimbe rangi inayoonyesha kuta za mishipa, wakatafuta mahali penye msongamano mkubwa, wakahesabu mshipa mmoja mmoja. Wanawake ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa walikuwa na mishipa mingi zaidi. Mwaka uliofuata wakarudia kazi hiyo kwa wagonjwa 165, safari hii wakiwa wa hatua ya mwanzo, na wakaona kwamba wingi wa mishipa ulitabiri nani atarudiwa na ugonjwa, hata kwa wale ambao tezi zao za kwapa zilikuwa safi. Ilionekana kana kwamba mlango umefunguka: angalia mishipa ya uvimbe mdogo, utajua mapema nani wa kutibiwa kwa nguvu na nani wa kuachwa apumzike.

Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Maabara nyingine zilihesabu zikapata majibu tofauti, kwa sababu anayehesabu ndiye anayechagua mahali pa kuhesabia, na watu wawili hawachagui mahali pamoja. Uchambuzi uliokusanya tafiti 43, uliotoka mwaka 2004, ulikuta uhusiano upo lakini ni dhaifu. Kuhesabu mishipa hakujawa kipimo cha kila siku cha hospitali.

Nataka tukae na wale wanawake 165 kidogo. Ili mishipa yao ihesabiwe, mambo mengi yalikuwa yametangulia kutokea. Uvimbe ulikuwa umepapaswa au kupigwa picha ungali mdogo. Daktari wa upasuaji alikuwa karibu. Kipande kilikatwa, kikatiwa katika formalini, kikaimarishwa kwa nta, kikachanwa vipande vyembamba kuliko unywele, kikapakwa rangi na kusomwa na mtu aliyefundishwa kusoma. Vioo vikahifadhiwa kabatini, na jina la mwanamke likaendelea kufuatiliwa mwaka baada ya mwaka. Makala za kitabibu husema “saratani ya hatua ya mwanzo” kana kwamba ni hali ya mwili, kama kimo au rangi ya macho. Ni hali ya mwili, sawa. Lakini pia ni kazi ya taasisi: mwanzo huwapo pale tu ambapo kuna mnyororo wa watu wa kuuona. Mnyororo ukikosekana, mwanzo hupita kimya, na kinachoandikwa katika jalada la hospitali ni mwisho.

Kwa hiyo swali la kihistoria kwa Mbinga ni mnyororo wa namna gani ulijengwa huko, na ulijengwa kwa ajili ya magonjwa gani.

Ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa ulipata tiba ya kigeni kwa njia ya maji. Wamisionari Waanglikana wa UMCA, ambao kituo chao kikuu kilikuwa kisiwani Likoma, walivizungukia vijiji kwa meli. Iliyojulikana zaidi ni Chauncy Maples, iliyoundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuteremshwa majini mwaka 1901, nayo ikawa shule, kanisa na zahanati kwa wakati mmoja. William Percival Johnson, aliyelizunguka ziwa hilo kwa zaidi ya miaka arobaini, alifia Liuli mwaka 1928. Daktari wa misheni Robert Howard, aliyefika mwaka 1899, alishughulika zaidi na malaria, hasa malaria iliyokuwa ikiwamaliza wamisionari wenyewe. Nyanda za juu zilifikiwa na Wabenediktini kutoka upande wa pili: Peramiho mwaka 1898, Kigonsera mwaka 1899. Hospitali za Peramiho, Litembo na Mtakatifu Anna ya Liuli zinatokana na mikondo hiyo miwili, na kwa miongo mingi mtu wa milima ya Matengo au wa ziwani aliyeumwa sana alijua kwamba njia yake inaelekea kwa masista au kwa Waanglikana.

(Liuli ndiyo iliyoitwa Sphinxhafen na Wajerumani, na iliingia vitabuni kwa sababu Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann. Historia yetu huzikumbuka meli za mizinga kwa urahisi kuliko meli za dawa.)

Tiba hiyo ilihusu vidonda, buba, ukoma, homa na uzazi. Saratani ya titi, kama ilifika, bila shaka ilifika ikiwa nayo imekuwa kidonda. Hakukuwa na sababu ya mwanamke mzima, asiye na maumivu, kupanda melini ili apapaswe.

Saratani ilipotafutwa kwa makusudi katika ukanda wetu, ilitafutwa ile inayoonekana. Mwaka 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, alianza safari na wenzake Ted Williams na Cliff Nelson katika gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda maili kama 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita Tanganyika na Nyasaland, wakiziuliza hospitali za serikali na za misheni kama zimewahi kuona watoto wenye uvimbe fulani wa taya. Waligundua kwamba ugonjwa huo unafuata joto na mwinuko wa nchi: karibu na ikweta haukuonekana juu ya futi 5,000 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini mpaka huo ulishuka. Mtu wa Mbinga, anayeteremka kutoka kwenye baridi ya Matengo hadi ziwa lililo chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, angeielewa ramani ya namna hiyo bila kufundishwa. Naiheshimu sana safari ile. Ni moja ya tafiti bora zilizowahi kufanyika kwa fedha kidogo barani Afrika. Lakini ilifaulu kwa sababu uvimbe wa taya la mtoto hauhitaji hadubini ili mganga aukumbuke. Saratani ya milimita mbili ndani ya mrija wa maziwa haimwonyeshi mtu chochote.

Baada ya Uhuru tulijenga zahanati, na tulizijenga kwa kasi ambayo kizazi cha leo kinaidharau bila sababu. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyowakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza, wakachimba vyoo na kufyeka nyasi. Mada zake zilikuwa malaria, minyoo, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Sidhani kama kulikuwa na orodha bora zaidi kwa nchi ile ya mwaka ule. Hata hivyo yafaa tuone tulirithi nini: mfumo wa afya uliozoea ugonjwa unaokuja wenyewe. Homa huja zahanati. Uchungu wa uzazi huja. Kikohozi huja. Mhudumu hukaa, mgonjwa huingia. Uvimbe mdogo wa titi kwa kawaida hauumi, haumzuii mtu kulima ngoro wala kuchuma kahawa, na kwa hiyo hauji.

Nacho kituo cha mwisho cha mnyororo kilikuwa mbali mno. Hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa na Wajerumani jijini Dar es Salaam mwaka 1897, ikawa Taasisi ya Saratani kwa sheria ya mwaka 1996, na kwa muda mrefu ndiyo iliyobeba tiba ya mionzi ya nchi nzima. Kutoka Songea hadi hapo ni zaidi ya kilomita 900, na anayetoka ufukweni lazima kwanza aipande milima ya Matengo ndipo aifikie Songea. Tathmini ya huduma za saratani ya matiti nchini, iliyotoka mwaka 2017, ilikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya wanawake wenye ugonjwa huu hugunduliwa wakiwa katika hatua ya tatu au ya nne. Kwa lugha ya Folkman, hao ni wanawake ambao shauri la mishipa lilishaamuliwa ndani ya miili yao zamani, pengine miaka kadhaa kabla mtu yeyote mwenye mafunzo hajaligusa titi.

Taarifa zetu za kiserikali huieleza asilimia hiyo kwa maneno yanayorudiwa kila mwaka: uelewa mdogo wa jamii. Siyakubali maneno hayo yakiachwa peke yake. Yanamweka mwanamke katika kizimba na kuuacha mfumo ukikaa kwenye benchi la mashahidi. Mama wa Lituhi anayegundua kidonge kwenye titi hafanyi hesabu ya kijinga. Anajua fedha za kahawa au za samaki zina msimu wake. Anajua zahanati ya kijiji haina wa kumkata kipande. Anajua jirani aliyepelekwa Dar es Salaam na akarudi katika jeneza, na kutokana na mfano huo anahitimisha kwamba hospitali ndiyo iliyoua, hitimisho lenye mantiki kamili kwa mtu ambaye hajawahi kumwona hata mmoja aliyewahi mapema akapona. Tena, wanawake wanaougua hapa kwetu ni wa umri mdogo kwa wastani kuliko wa Ulaya, kwa sehemu kubwa kwa sababu taifa lenyewe ni changa. Anayenyonyesha akilalamikia uvimbe ni rahisi kuambiwa ni maziwa yameganda au ni jipu. Hapo uelewa mdogo ni wa nani?

Vijana wanaharakati, nao nawaheshimu, hunijibu kwamba basi tudai dawa: kama sayansi imegundua jinsi ya kuizuia mishipa, kwa nini mwanamke wa Mbinga asipewe? Ndiyo sababu historia hii lazima isomwe hadi ukurasa wa mwisho.

Dawa ilipatikana. Genentech ilitengeneza bevacizumab, inayouzwa kwa jina la Avastin, ambayo huikamata VEGF kabla haijafika kwenye mshipa. Mwaka 2004 Marekani iliiruhusu kwa saratani ya utumbo mpana. Folkman alifariki Januari 2008, na mwezi uliofuata dawa hiyo ikaruhusiwa, kwa utaratibu wa haraka, kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Jaribio lililoipa ruhusa hiyo lilionyesha kwamba ugonjwa ulitulia kwa wastani wa miezi 11.8 badala ya 5.9. Lakini wanawake hawakuishi muda mrefu zaidi. Majaribio yaliyofuata yalionyesha faida ndogo zaidi, na madhara yalikuwa ya kweli: shinikizo la damu, kutokwa damu, kutoboka kwa utumbo. Gharama iliyotajwa ilikuwa kama dola 88,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Tarehe 18 Novemba 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliifuta ruhusa ya matiti. Ilikuwa miaka arobaini kamili, siku kwa siku, tangu makala ya Folkman.

Kulibaki tumaini moja, na lilikuwa la busara: pengine dawa ilitolewa ikiwa imechelewa, pengine ingefaa katika hatua ya mwanzo. Jaribio kubwa lililoitwa BEATRICE liliipima kwa wanawake zaidi ya 2,500 wenye saratani ya awali ya aina isiyo na vipokezi vitatu, aina inayowasumbua sana wanawake wenye asili ya Afrika. Matokeo yalichapwa mwaka 2013, na dawa haikuleta faida. Uvimbe una njia nyingi za kuita damu. Ukiiziba moja, hutumia nyingine, na mara nyingine hujishikiza kwenye mishipa iliyokuwapo bila kuchipusha mipya. Wazo la Folkman halikuwa la uongo. Dawa hizo zimeokoa macho ya watu wengi duniani, na bevacizumab imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya macho. Kwa titi, hata hivyo, kujua jinsi uvimbe unavyolishwa hakukuleta kidonge cha kuuweka njaa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kuna tabia, hapa nchini na kwingineko, ya kuipima haki ya mgonjwa kwa ughali wa kitu anachonyimwa. Dawa ya mwaka 2011 ambayo mwanamke wa Mbinga aliikosa haikumpunguzia maisha. Kilichompunguzia ni kitu ambacho kimekuwapo tangu karne ya 19: kisu cha daktari, formalini na hadubini, vyote vikifika mapema.

Serikali zinao ushahidi wa kutumia. Huko Mumbai, India, wahudumu wa afya ya msingi walifundishwa kuwapapasa wanawake matiti kwa utaratibu, kila baada ya miaka miwili, katika jaribio lililohusisha wanawake zaidi ya 150,000 na kufuatiliwa kwa miaka 20. Matokeo yaliyochapwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba ugonjwa uligunduliwa katika hatua za chini zaidi, na kwamba kwa wenye umri wa miaka 50 na zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya umri huo vifo havikupungua, na jambo hilo lisifichwe na anayepanga mradi. Kinyume chake, jaribio la Shanghai, lililochapwa mwaka 2002, la kuwafundisha wanawake zaidi ya 260,000 wa viwandani wajipapase wenyewe halikupunguza vifo hata kidogo. Mabango yetu mengi yanamwambia mwanamke ajichunguze. Ushahidi unasema mkono uliofundishwa ndio unaosaidia, nao ni mkono wa mtu anayelipwa mshahara au posho. Tofauti hiyo ni ya bajeti.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake uliozinduliwa mwaka 2021, limeweka malengo matatu: angalau asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe wakiwa hatua ya kwanza au ya pili, uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na angalau asilimia 80 wamalize tiba. Ninawaomba watumishi wa halmashauri za Mbinga na Nyasa wanaosoma hapa walitazame lengo la pili, la siku 60, kwani ndilo lililo karibu zaidi na mamlaka yao. Hawawezi kununua mashine ya mionzi. Wanaweza kusafirisha chupa.

Tuifuate basi hiyo chupa. Mhudumu amepapasa, amepeleka rufaa Liuli au Litembo, daktari ametoa kipande kwa sindano nene. Kuanzia hapo saa zinahesabiwa. Kipande kinachotarajiwa kupimwa vipokezi vya homoni, kipimo kinachoamua kama tamoxifen, kidonge cha bei nafuu, kitamfaa mgonjwa, kinatakiwa kikae katika formalini si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Kikikaa wiki tatu kwenye dirisha la wodi kikisubiri gari linalokwenda mjini kwa shughuli nyingine, rangi haitashika vizuri na jibu litakosea.

Zamani mtu angesema haiwezekani. Ufuko ulitegemea MV Songea na MV Iringa kwenda Itungi, na barabara ya kupanda Mbinga ilikuwa balaa wakati wa masika. Lakini lami ya kutoka Peramiho hadi Mbinga ilijengwa kwa fedha za mkataba uliosainiwa na Marekani mwaka 2008, na kipande cha kilomita 66 cha kushuka Mbamba Bay kikafuata baadaye. Chupa inayoondoka ufukweni asubuhi inaweza kuwa Songea mchana, na kesho yake ikawa mbele ya mpatholojia Dar es Salaam, saa 72 zikiwa bado hazijaisha. Inahitaji formalini iliyochanganywa kwa kiwango sahihi, lebo isiyofutika, nauli ya kifurushi, na mtumishi mmoja ambaye kazi ya kulifuatilia jibu imeandikwa katika majukumu yake, si hisani yake. Inahitaji pia kifungu katika bajeti, na hapo ndipo nimewahi kuwasikia maofisa wakibishana kwa dhati kabisa: je, ni gharama ya usafiri, ya maabara, au ya vifaa tiba?